Dau la Vifungo

Siku Twalibu alipoanza kutokuwepo, koti lake lilirudi nyumbani peke yake.

Lililetwa na ofisa wa Wizara ya Adabu, mtu mpole, amelikunja vizuri mkononi kama anatoka kwa dobi. Alibisha hodi, akasubiri akaribishwe, akakaa, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. Kisha akamwambia mke wa Twalibu, Zamoyoni:

"Bibi, mumeo ameahirishwa."

"Amefanywaje?"

"Ameahirishwa. Hajafa, maana serikali yetu haiui. Hajafungwa, maana hana kosa. Hajasafiri, maana pasi yake tunayo sisi. Ameahirishwa tu."

Zamoyoni alilitazama koti. Halikuwa na kifungo hata kimoja. Nyuzi zilikuwa zimening'inia mahali vilipokuwa.

"Na vifungo vyake?"

"Alivicheza," ofisa alisema, akainuka. "Ahsante kwa maji. Ni matamu."

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenyeji wanaijua, na wasio wenyeji wana ya kwao. Mtawala wake huitwa Mlezi wa Milele, naye alipokabidhiwa madaraka na kaka yake, ambaye hakuwa na habari kwamba anayakabidhi, aligundua kwamba mahakama zinachelewa, bunge lina kelele, na uchaguzi unachosha watu juani. Akavifuta vyote kwa huruma. Tangu hapo, mwananchi mwenye shida huenda Ikulu siku ya Ijumaa na kucheza poka na Mlezi, mchezo mmoja. Akishinda, hupewa alichokitaka. Akishindwa, hushukuru.

Poka ya nchi hiyo haina maajabu: mwenye karata nyingi zinazofanana ndiye mwenye kali. Kila mtu hugawiwa karata tano, anaweka dau, kisha anatupa zile asizozipenda na kupewa nyingine, halafu madau yanaendelea. Mmoja akiongeza, mwenzake afuate au akunje karata zake na kushindwa. Anayetaka kumaliza ubishi hufuata dau na kusema "naona," na hapo karata zinafunuliwa. Kwa kuwa kamari ni dhambi na serikali inamcha Mungu, hawachezi kwa pesa. Wanacheza kwa vifungo vya nguo walizovaa. Wananchi wengi hutoka Ikulu wameshikilia shati kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wanapunga bendera.

Kwa Mlezi kuna taratibu mbili za ziada, nazo zimo kwenye Katiba. Ya kwanza, Mlezi habadilishi karata, kwa sababu kubadilisha ni kukiri kwamba alipewa mbaya. Ya pili, Mlezi hakunji, kwa sababu kukunja ni kukimbia. Hivyo huchukua tano alizopewa, huzitazama kwa upendo, na kuongeza dau mpaka mwananchi akunje kwa heshima. Kwa miaka mingi wananchi wote walikunja. Mwisho ikaaminika, hata mashuleni watoto wakafundishwa, kwamba Mlezi hupata karata kali kila Ijumaa.

Twalibu alikuwa kinyozi. Jambo hilo lilimkereketa.

"Mtu habadilishi hata moja," alikuwa akisema huku akimnyoa mteja, "na kila wiki anazo kali? Karata gani hizo, zinamwogopa?"

Mteja alikuwa akinyamaza, maana wembe ulikuwa shingoni, na nje kulikuwa na watu.

Nyumbani Twalibu, Zamoyoni na Shomari, mdogo wake Twalibu, walikuwa wakicheza poka kwa karanga. Hapo ndipo mtu na mkewe walipokuwa wakigombana. Twalibu akipata karata kali husukuma sahani nzima ya karanga katikati, kabla wenzake hawajakaa sawa. Wote hukunja. Zamoyoni akipata kali huguna, hujikuna, huongeza karanga moja, kisha nyingine, mpaka sahani za watu zinakauka bila wenyewe kujua.

"Wewe mwanamke ni mnafiki!" Twalibu hupiga kelele. "Una karata kama hizo unakaa kama umefiwa!"

"Na wewe ukipata kali unanadi kama dalali. Haya, wote tumekimbia. Umeshinda karanga tatu. Kula basi, ushibe."

"Nitakula. Ila nimezishinda nikiwa nimenyooka. Mtu mwenye haki yake anong'one kwa nini?"

"Ili aipate."

Ugomvi huo haukuwahi kwisha, ila ulikuwa ukikatishwa na usingizi.

Ijumaa ile Twalibu alikwenda Ikulu kuomba bomba la maji la mtaa. Alipata karata kali. Zilipokwisha kubadilishwa, akafanya alivyozoea: akasukuma vifungo vyote vya koti lake mara moja, akasema kwa sauti iliyosikika nchi nzima, kwa kuwa mchezo hutangazwa redioni, "Mheshimiwa, naona!" Redio ikaanza kupiga matarumbeta. Waziri wa Adabu, Dokta Kalikawe, ambaye ndiye msimamizi wa meza, akatangaza mapumziko ya chai. Mapumziko hayo hayajaisha mpaka leo.

*

Majirani walikuja na mikeka na masufuria kukaa matanga. Yule ofisa mpole akarudi.

"Matanga hayaruhusiwi," alisema. "Aliyeahirishwa haliliwi, anasubiriwa."

"Basi tunasubiri," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu, machozi yanamtiririka.

"Mbona unalia?"

"Vitunguu."

Ofisa akatazama uani. Wanawake wote walikuwa wakimenya vitunguu. Hata waliokuwa hawana kitunguu mkononi walikuwa wakimenya vitunguu. Akaomba maji, akanyimwa, akaondoka.

Lakini Zamoyoni hakulia. Alikaa kwenye mkeka, koti mapajani, akawaza neno lile moja. Asingeweza kumswalia mtu aliyeahirishwa. Asingeweza kumwosha, kumvisha sanda, wala kumwonyesha mtu mahali na kusema, yupo hapa. Watu wakimuuliza habari za mumewe hakuwa na kitenzi cha kujibia. Alitaka mwili wa Twalibu. Na kama mwili ni mwingi kwa serikali kuutoa, basi alitaka mtu mmoja mwenye cheo aseme kwamba amekufa, na aseme yuko wapi.

Alipomweleza Shomari kwamba atakwenda kucheza, Shomari aliweka kikombe chini.

"Shemeji, usiende. Nimempoteza kaka, nikupoteze na wewe?"

"Hujampoteza. Ameahirishwa."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha, shemeji. Ndio maneno yao. Nakwenda nayo hayo hayo."

"Na ukipata karata mbaya?"

"Nitashukuru, nitarudi Ijumaa nyingine."

"Na ukipata kali? Kaka alipata kali!"

Zamoyoni alikuwa ameliwaza hilo tangu siku ya koti. Karata mbaya hazikuwa na hatari yoyote katika nchi ile. Hatari ilikuwa kwenye karata nzuri na namna ya kuziwekea dau. Utaratibu wa Wizara ulikuwa wazi: mwananchi akionyesha nguvu kabla ya kubadilisha karata, Waziri husema zigawiwe upya kwa sababu za kiufundi. Lakini zikishabadilishwa hapana tena kugawa upya. Na kwa kuwa baada ya Ijumaa ya Twalibu watu walianza kuulizana ile ni chai gani isiyokwisha, Wizara ilitoa amri ya kuwatuliza: redio isizimwe wala isipige matarumbeta tena katikati ya mchezo, na pasiwe na mapumziko vifungo vikiwa mezani, ili wananchi waone kwamba hakuna kinachofichwa.

"Nitacheza kama mfiwa," alisema mwishowe. "Si ndivyo kaka yako alivyokuwa akinisema?"

Shomari alimtazama sana. Kisha akakata vifungo vya shati lake kwa meno, kimoja kimoja, akamwekea kwenye kiganja.

Habari ilizunguka mtaa mzima. Watu walipita mlangoni kama wanaosalimia tu. Walileta vifungo vya mashati, vya magauni, vya sare za shule, vya mito ya makochi. Bibi mmoja alileta kifungo cha sanda aliyojishonea, na alipoambiwa sanda haina vifungo akajibu kwamba yake inacho, yeye anahisi baridi. Zamoyoni alivishona vyote kwenye koti la Twalibu, mbele, nyuma na mikononi, mpaka koti likawa linalia kama njuga akitembea. Ijumaa asubuhi mtaa mzima ulisikiliza redio vifua wazi.

*

Mlangoni Ikulu Dokta Kalikawe alimpokea kwa huzuni rasmi. Alikuwa dokta wa heshima, heshima aliyopewa na Mlezi.

"Bibi, utaratibu unataka utamke ombi lako."

"Namtaka mume wangu."

"Mume wako hajapotea. Ameahirishwa."

"Naelewa, Mheshimiwa. Sasa kinachoahirishwa huwa na tarehe. Mkutano ukiahirishwa wanasema mpaka lini. Hata mechi ya mpira. Mimi naomba tarehe."

Katika utumishi wake wote Dokta Kalikawe alikuwa ameahirisha watu wengi, na hakuna aliyewahi kuomba tarehe. Aliangalia kipaza sauti cha redio, akaona taa yake nyekundu inawaka.

"Ombi limepokelewa," alisema. "Tarehe ya mume."

Mlezi wa Milele alikuwa amekwishakaa. Koti lake lilikuwa na vifungo mpaka mgongoni, vya dhahabu, na kila sikukuu ya taifa lilikuwa likiongezewa. Kando yake, kwenye kipaza sauti, alikaa mtangazaji Pongwa, ambaye sauti yake ilikuwa laini kuliko godoro.

"Ndugu wasikilizaji," Pongwa alisema, "karata zimegawiwa. Mlezi anazitazama zake kama mzazi anavyotazama wanawe. Mama mfiwa... samahani, mama msubiri, anazitazama zake kwa unyonge."

Zamoyoni alikuwa na nane tatu, tano moja na mzungu wa nne, ile karata ya mfalme.

Uso akauacha pale pale. Alisikia kabisa Twalibu angesema nini: sukuma zote! Akakata kifungo kimoja kidogo cha mto wa kochi, akakiweka mezani kama anayekiaga. Mlezi akaweka vitano vya dhahabu. Zamoyoni akafuata, akihema.

"Mlezi habadilishi," Dokta Kalikawe alitangaza, watu wakapiga makofi. "Bibi?"

Mwenye tatu zinazofanana hubadilisha mbili. Kila mtu anajua, na Dokta Kalikawe alikuwa amekaa pale ili kuhesabu. Ukibadilisha mbili umejitangaza. Zamoyoni akaibakiza tano pamoja na zile nane, akautoa mzungu wa nne peke yake.

"Moja tu, Mheshimiwa. Labda Mungu atanionea huruma."

Dokta Kalikawe alitabasamu. Mtu anayebadilisha moja bado anatafuta kitu, na wengi hawakipati. Akampa.

Ilikuwa tano.

Nane tatu na tano mbili. Nyumbani, kwa karata kama hizo, Twalibu angeweka dau hata mlango.

"Nafuata," Zamoyoni alisema Mlezi alipoongeza, "na naongeza kimoja. Mnisamehe."

"Mama anaongeza kimoja," Pongwa alisema kwa huruma. "Ni huzuni, ndugu wasikilizaji. Huzuni humfanya mtu asijue anachokifanya."

Mlezi akaongeza kumi. Zamoyoni akafuata, akaongeza kimoja. Mlezi akatabasamu, akang'oa safu nzima ya kushoto. Zamoyoni akaguna, akajikuna, akafuata, akaongeza kimoja. Mlezi hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo. Alizoea kuongeza mara moja, mwananchi akakunja, akaenda kula. Sasa kila alipoongeza, mwanamke huyu aliomba radhi na kumfuata. Na Katiba haikumpa njia nyingine ila kuongeza.

"Mlezi ameng'oa vifungo vya kulia," Pongwa alisema. "Koti la Mlezi sasa liko wazi. Tunaona... tunaona fulana ya Mlezi. Ni fulana nyeupe. Ina tundu la... la kupitisha hewa."

"Mheshimiwa," Dokta Kalikawe alimnong'oneza Mlezi, "labda tungepata chai?"

"Vifungo viko mezani," Zamoyoni alisema bila kuinua kichwa. "Ni amri yenu wenyewe, Dokta. Ila mimi sina haraka."

Mlezi akafika vya mgongoni. Ilibidi askari amsaidie. Koti likamteleza mabegani, likaanguka chini bila sauti. Zamoyoni alifuata, akaongeza kimoja, kile cha sanda.

Mlezi akajipapasa. Kilichobaki kilikuwa kifungo cha suruali.

Pongwa alinyamaza, kisha akakumbuka kwamba kunyamaza redioni kumepigwa marufuku. "Mlezi anatafakari," alisema. "Ameshika kiuno. Anatafakari kiuno."

"Bibi," Mlezi alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi kumsikia akisema na mtu badala ya kuhutubia. "Nitakupa nyumba."

"Ninayo, Mheshimiwa. Ina nafasi kubwa siku hizi."

"Nitakufanya mkuu wa wilaya."

"Wilaya ina mkuu, mpwa wako. Mwache ale."

"Barabara ya mtaani kwenu nitaipa jina la mumeo."

"Tarehe, Mheshimiwa. Nimekuja kwa tarehe tu."

Mlezi alimtazama Dokta Kalikawe. Dokta Kalikawe alitazama dari. Mlezi akatazama karata zake kwa mara nyingine, kama mtu anayetumaini kwamba zimebadilika zenyewe, akaking'oa kile kifungo cha suruali, akakiweka mezani.

"Alikufa siku ile ile," alisema. "Jioni. Walimpiga, hawakukusudia... Yuko nyuma ya karakana ya magari ya serikali, ukutani, kwenye mwarobaini."

Kwa hiyo ndivyo linavyosemwa. Neno dogo tu. Zamoyoni alilisikia likipita kwenye kipaza sauti na kutoka nje, mitaani, kwenye vibanda vya chai, kwenye chumba cha kinyozi chenye mlango uliofungwa. Akasema taratibu, "Innalillahi." Askari mmoja ukutani akaitikia kwa mazoea, akajiziba mdomo.

Dokta Kalikawe akapumua. "Vema! Serikali imekuwa sikivu. Sasa, bibi, umepata haja yako kwa ukarimu wa Mlezi. Kunja karata zako, uende kwa amani. Hakuna sababu ya kuaibishana."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amepata alichokijia, na alikipata kwa njia yake, ya karanga moja moja. Angeweza kukunja. Nyumbani ndivyo walivyokuwa wakimalizia, yeye na sahani imejaa, Twalibu na karanga zake tatu, amenyooka kitini kama mfalme.

Zamoyoni alinyoosha mgongo. Akavua koti la mumewe, akaliweka lote mezani pamoja na vifungo vilivyobaki, na kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti akasema:

"Mheshimiwa, naona."

Akafunua zake. Nane tatu, tano mbili.

Mlezi hakufunua. Alizishika kifuani kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kifuani, suruali, ambayo kifungo chake kilikuwa mezani, iliamua yenyewe. Akaidaka. Karata zikamwagika sakafuni.

"Ndugu wasikilizaji," Pongwa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza, "karata za Mlezi ni hizi. Mbili ya pau. Nne ya kopa. Saba ya uru. Tisa ya shupaza. Na... naiona, imeangukia chini ya kiti... ghulamu ya kopa." Akazihesabu tena. "Hazina kitu. Hata mbili zinazofanana hazipo."

Akasubiri matarumbeta. Hayakupigwa, kwa sababu ya amri.

*

Kesho yake asubuhi watu wa mtaa, mashati wazi, walikwenda na majembe kwenye karakana ya magari ya serikali. Mlinzi aliwauliza kibali. Shomari akamwambia kibali kimesomwa redioni na Mlezi mwenyewe. Mlinzi alifikiri, akaona kwamba kumkatalia Mlezi ni hatari kuliko kumkubalia, akafungua geti, kisha akawaonyesha mwarobaini. Twalibu alioshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa, akazikwa mchana. Zamoyoni alilia hapo, bila kitunguu.

Wiki iliyofuata Dokta Kalikawe alitoa hotuba ndefu. Alieleza kwamba Mlezi alishinda mchezo ule kimaadili, kwamba kukosa hata karata mbili zinazofanana ni ishara ya kutokuwa na upendeleo, na kwamba maadui wa taifa wanaoeneza habari za fulana watachukuliwa hatua. Pongwa alihamishiwa kutangaza hali ya hewa, ambako anatabiri mvua kila siku. Bomba la maji la mtaa halijaletwa.

Lakini Ijumaa zilizofuata hazikuwa kama zile za zamani. Aliyekuja kuulizia mwanawe alisema "naona." Aliyekuja kuulizia shamba alisema "naona." Hata aliyekuja kuomba radhi kwa kuchelewa kulipa ada alijikuta amesema "naona," akashangaa mwenyewe. Wizara ikatamka kwamba karata ni utamaduni wa kigeni, na kwamba mchezo halisi wa mababu zetu ni drafti, ambayo Mlezi huicheza vizuri kwa kuwa kete zote nyeupe ni zake na nyeusi pia.

Siku hizi kesi zinaamuliwa kwa drafti, siku ya Jumanne. Foleni inaanzia getini na kuzunguka ukuta, na wengi walio ndani yake ni wanawake. Zamoyoni anafundisha drafti kwenye chumba cha kunyolea cha Twalibu. Darasa ni kila Jumatano baada ya alasiri, na anayekuja aje na kiti chake.